Goli Kiki ya Dakika ya Sitini na Tatu

Nchi yetu, kwa faida ya msomaji ambaye hakujaliwa kuzaliwa humo, inatambua mipira ya aina mbili: mpira unaotembea na mpira uliosimama. Mpira unaotembea hauna wizara. Ilijaribiwa kuundwa, lakini kila waziri aliyeteuliwa alirudi akihema. Mpira uliosimama ndio unaotawalika, na kwa hiyo umepewa wizara kamili, jengo la ghorofa tisa, na waziri, Mheshimiwa Daktari Kilimba, ambaye udaktari wake aliupata kwa kuandika kurasa mia nne juu ya namna ya kusimamia kitu ambacho hakiendi popote.

Tusieleweke vibaya. Tunaipenda sana Wizara ya Mipira Iliyosimama. Ndiyo iliyotufundisha kwamba mpira ukishatulia chini, kabla mguu haujaufikia, kuna taratibu. Mpira wa kuanzia hukatiwa utepe, kisha shehe na padri huuombea kwa zamu. Mwaka ambao hawakuelewana nani atangulie, mechi ya Jumapili ilianza Jumanne. Kona nayo ina uzito wake. Kibendera cha pembeni, tangu uhuru, ni bendera ya taifa, na bendera ya taifa haisogelewi bila wimbo wa taifa, beti zote tatu. Wachezaji huimba wima, jasho likiwakaukia mgongoni, na wakimaliza hakuna anayekumbuka alikuwa akishambulia upande gani. Ndiyo maana timu zetu zimezoea kupita katikati tu, na wageni wasiojua historia yetu husema hatuna mawinga.

Ukuta wa kuzuia mpira wa adhabu hupangwa kwa vyeo, mwenye cheo kikubwa mwisho kabisa, mbali na mpira. Umbali hupimwa kwa hatua kumi za Waziri, na Waziri ni mtu mfupi. Mpira wa kurusha haumo kwenye sheria hii, kwa kuwa hurushwa kwa mikono, na mikono ya wananchi iko chini ya wizara nyingine.

*

Kila Siku ya Taifa, timu ya Ikulu hucheza na Kombaini ya Wananchi. Mkuu wa Nchi huvaa jezi namba moja, ingawa si kipa, na hufunga bao moja. Alikuwa amefunga mabao thelathini na moja kwa miaka thelathini na moja, yote kwa penalti. Beki wa Kombaini humshika waziri yeyote jezi ndani ya boksi, refa hupuliza filimbi, mpira huwekwa kwenye nukta, na kipa huangukia upande wa pili kwa uzalendo.

Kipa wa miaka sita ya mwisho alikuwa Makoti, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Aliangukia kushoto miaka yote sita. Ni mtu anayependa kurudi nyumbani.

Refa alikuwa Mwalimu Stambuli. Huyu alifundisha michezo na hesabu katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, na ndiye aliyemfundisha Makoti tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mtu asije akadhani Mwalimu alikuwa mpinzani. Penalti zote sita alizotoa Siku ya Taifa zilikuwa penalti kweli: jezi ilishikwa, yeye aliona, akapuliza. Aliamini sheria kama watu wengine wanavyoamini maji ya kunywa. Darasani alichora uwanja ubaoni kwa chaki, akawafundisha watoto kwamba mpira wa adhabu una namna mbili.

"Umempiga mwenzako, umemsukuma, umemshika, hiyo ni adhabu ya moja kwa moja," alikuwa akisema. "Unaupiga, ukiingia ni goli, twende nyumbani. Lakini kama hukumgusa mtu, umemtishia tu, umenyanyua mguu karibu na uso wake, hiyo ni adhabu ya watu wawili. Lazima mpira uguswe na mwingine kwanza. Utaijuaje?"

Darasa zima hunyoosha mkono mmoja juu.

"Naam. Refa atanyoosha mkono, na hautashuka mpaka mpira uguswe au utoke. Na wewe Makoti, kipa wangu, ukiuona mkono uko juu na mpira unakuja golini peke yake, utafanyaje?"

"Nauacha upite, Mwalimu."

"Ukiugusa?"

"Nimeufanya uwe goli."

Hayo ndiyo yaliyofundishwa katika shule ya nyuma ya soko. Katika kurasa mia nne za Daktari Kilimba hayamo.

*

Mwaka huo Mkuu wa Nchi alichoka na penalti. Alikuwa ameona kwenye televisheni vijana wa Ulaya wakiangushwa nje kidogo ya boksi, wakiinuka na nyasi magotini, wakiupiga mpira juu ya ukuta ukazama pembeni. Akasema kwenye kikao cha Baraza kwamba naye angependa kuangushwa.

Wizara ilikesha kwa furaha. Ukuta uliagizwa uchuchumae. Kipa aliagizwa asimame tu. Kwaya ilifanya mazoezi ya wimbo wa bao miezi miwili. Likabaki jambo moja: nani atamwangusha Mkuu wa Nchi?

Aliteuliwa Bwana Ngwali, beki wa kati, karani wa posta. Alipopewa barua alikaa chini.

"Nimguse Mkuu wa Nchi? Mimi nina watoto wanne, wazee wangu."

Mkuu wa Itifaki alimuunga mkono. Kumgusa Mkuu wa Nchi, alisema, ni kosa la jinai. Mheshimiwa Kilimba akasema bila kosa hakuna adhabu, na bila adhabu hakuna bao. Wakaketi siku mbili. Siku ya pili jioni ikapatikana hekima ambayo kila aliyekuwemo ukumbini aliipigia makofi kwa kusimama: kosa lifanyike, ila asiguswe.

Mwalimu Stambuli naye aliitwa, akaambiwa kwamba katika dakika ya sitini na tatu atatoa adhabu.

"Kukiwa na kosa nitatoa adhabu," alijibu.

Wakaridhika kabisa.

*

Dakika ya sitini na mbili Mkuu wa Nchi alipewa mpira. Bwana Ngwali alimjia mbio, akasimama hatua mbili mbele yake, akanyanyua mguu juu sawasawa na kidevu, akautuliza hewani kama mtu anayeonyesha kiatu kipya, huku akiomba radhi kwa sauti. Mkuu wa Nchi alijiangusha taratibu, akisaidiwa na walinzi wawili.

Mwalimu Stambuli akapuliza filimbi. Akanyoosha mkono wa kulia juu.

Uwanja ulikuwa na watu elfu arobaini, na wote waliuona ule mkono. Ulinyooka kama mlingoti. Wageni wa heshima walidhani ni salamu, wengine wakampungia. Makoti aliuona kutoka golini, naye baadaye alikiri kwa rafiki yake mmoja kwamba moyo wake ulitulia kwa namna ambayo haukuwahi kutulia Siku ya Taifa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake amri ya Serikali na sheria ya mpira zilikuwa zimemwambia jambo moja: usiuguse.

Mkuu wa Nchi akaupiga. Ulipita juu ya ukuta uliochuchumaa, ukadunda mara mbili, ukabingirika kama chungwa lililotoka kwenye kapu. Makoti aliificha mikono yake nyuma. Mpira ukavuka mstari, ukagusa wavu, ukalala.

Mizinga ishirini na moja ikapigwa. Kwaya ikafungua vinywa. Na Mwalimu Stambuli, akiwa ameshateremsha mkono, akapuliza filimbi na kuonyesha kwenye boksi dogo. Goli kiki.

Kwaya ilifika ubeti wa pili kabla haijatambua kwamba inaimba peke yake.

Mkuu wa Nchi alimjia Mwalimu akifuta magoti. Ni mzee sasa, na siku hizi husikia kwa sikio moja. "Mwalimu," alimwuliza, kama anayeuliza iwapo chai iko tayari, "limeingia?"

"Limeingia, Mzee."

"Basi?"

"Mpira haukugusa mtu mwingine. Hii ilikuwa adhabu ya watu wawili. Ngwali hakukugusa, Mzee, alinyanyua mguu tu. Ukiupiga peke yako ukaingia, tunaanza kwa goli kiki."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilinyoosha mkono mpaka bega likauma."

Mkuu wa Nchi aliutazama ule mkono. Huenda angesema neno. Lakini Mheshimiwa Kilimba alikuwa amekwisha fika, kitabu chake kwapani.

"Mwalimu, mizinga imeshapigwa. Unajua mizinga hairudi?"

"Mpira unarudi, Mheshimiwa. Uwekwe pale, Makoti apige, tuendelee. Zimebaki dakika ishirini na saba."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimesema Mheshimiwa."

Mechi ilisimamishwa. Kisheria imesimama hapohapo hadi leo. Mpira uliachwa wavuni ulipolala, ukazungushiwa kamba ya dhahabu na askari mmoja, na Wizara ikautangaza kuwa ni mpira uliosimama wa kudumu. Mwalimu aliingizwa kwenye gari jeupe. Siku iliyofuata gazeti la Serikali lilichapa picha yake mkono ukiwa juu, na maneno: MWALIMU AMPUNGIA MKONO MKUU WA NCHI KWA FURAHA.

*

Hatukuwa na neno la kumwita mtu kama yeye, kwa kuwa nchi yetu haina wafungwa wa aina hiyo. Tulisema amepumzishwa. Alipumzishwa katika Nyumba ya Mapumziko ya Serikali, yenye kuta ndefu kwa ajili ya utulivu. Kila asubuhi ofisa alimwuliza, "Uliona nini?" naye kila asubuhi alijibu, "Goli kiki." Ofisa aliandika: bado amechoka.

Wakati huohuo ilionekana kwamba ile picha inawachanganya watoto. Ukatoka waraka: ni marufuku kunyoosha mkono juu ya bega mahali pa umma. Wanafunzi wakitaka kuuliza swali, wakohoe. Shule za mjini zikajaa vikohozi, na daktari mmoja mgeni aliandika ripoti ya kifua kikuu.

Kisha ikaundwa Tume ya Kumtafuta Aliyegusa. Maana Serikali si mkaidi. Ilikubali kwamba sheria ni sheria. Ikasema tu kwamba kama mtu yeyote aliugusa mpira ule, bao ni bao, na Mwalimu aliona vibaya, na mtu aliyeona vibaya hana kosa. Atakwenda nyumbani. Aliyegusa ataenziwa. Wananchi elfu moja mia nne na kumi na wawili walijitokeza. Watu watano wa ukuta waliapa kwamba mpira uliwapapasa nywele, na mmoja wao ana upara. Mbunge aliyekuwa jukwaani alisema aliusukuma kwa pumzi. Bibi mmoja alikuja kutoka mpakani kwa miguu kusema kivuli chake ndicho kilichoguswa. Alipoulizwa alikuwa wapi siku hiyo, alisema nyumbani.

Lakini kulikuwa na filamu, na filamu ilionyesha kwamba karibu na ule mpira hakukuwa na kitu ila nyasi na kipa. Tume ikamwita Makoti mara nne. Mara nne akasema, "Sikugusa."

*

Mke wa Mwalimu anaitwa Mama Zamda. Aliruhusiwa kupeleka chakula kila Ijumaa, getini tu, katika hotpoti. Alipeleka ugali na dagaa wa nazi, na jioni hotpoti ilirudishwa, na ndani yake kulikuwa na tonge moja limebaki.

Hilo tonge lilikuwa barua. Mwalimu hakuwahi kumaliza chakula maishani mwake. Alibakiza tonge moja pembeni ya sahani, akaliita la kipa, kwa kuwa kipa hutoka uwanjani wa mwisho na hukuta wenzake wamekula. Ilianza kwa Makoti, enzi zile za mazoezi ya jioni, ikabaki kuwa desturi ya nyumba. Kwa hiyo kila Ijumaa Mama Zamda alifungua kifuniko, akaliona tonge, akajua mumewe yu hai na anakula kwa mkono wake. Wiki tisa.

Wiki ya kumi hotpoti ilirudi tupu, imefutwa hadi kung'aa. Ya kumi na moja vilevile. Ya kumi na mbili Mama Zamda hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Makoti, hotpoti mkononi, akasimama kwenye cheche.

"Mwanangu, zima huo moto."

Makoti alizima, akavua miwani ya kuchomelea.

"Fungua."

Alifungua. Akatazama ndani, akatazama tena, kama mtu aliyepoteza sindano.

"Mara ya tatu hii," Mama Zamda alisema.

"Labda siku hizi ana njaa, Mama."

"Usinifanye mtoto. Miaka thelathini na minane nampikia. Anayekula chakula changu si yeye."

Makoti aliketi juu ya geti ambalo halijaisha. "Wataka nifanyeje?"

"Sema uligusa."

"Mama!"

"Kidole tu. Sema kilipita kidole. Wamesema wenyewe, ukigusa anatoka."

"Mwalimu hatanisamehe. Unamjua. Atanichukia mpaka kaburini."

"Na akuchukie," Mama Zamda alisema. "Akuchukie akiwa kitandani kwake. Akuchukie nikimpikia uji. Nenda Makoti, mwanangu. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hakuwahi.

*

Ukumbi wa Tume ulijaa. Mwenyekiti alimwuliza Makoti ni kidole gani. Makoti aliitazama mikono yake, yote miwili, kama anayechagua nani wa kumtoa.

"Hiki cha mwisho. Cha kushoto."

"Kiligusa kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

"Kwa uzalendo?"

"Kama mnavyosema."

Watu walisimama. Kidole kikawekwa juu ya Katiba, kikala kiapo chenyewe, Makoti akiwa amesimama pembeni kama msindikizaji. Siku ya tatu kilitangazwa kuwa Kidole cha Taifa. Kilivalishwa kifuko cha mahameli ya kijani, kikapewa mlinzi, na kiti chake katika hafla zote. Kwa kuwa ni mali ya umma, kilikatazwa kuchomelea, kudaka mipira na kukuna sikio. Kidole hakiwezi kukaa nyumbani huku mwenye kidole ameenda kazini, kwa hiyo karakana ilifungwa. Mageti aliyokuwa ameyaanza yalibaki yameegemezwa ukutani, yakaota kutu.

Mwalimu alitolewa wiki hiyohiyo. Waraka ulisema amesamehewa kwa kutoona. Alipewa miwani ya Serikali, vioo vitupu visivyokuza wala kupunguza kitu, na akaamriwa kuivaa kila atokapo nje ili umma upate kuelewa.

Alirudi akiwa nusu ya mtu. Alikuwa ameugua kifua mapumzikoni, na wiki zile tatu alizoshindwa kula, askari walikula kwa niaba yake. Mama Zamda alimpikia uji. Siku ya nne Makoti alikuja kumwamkia. Mlinzi wa kidole alibaki mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

 Mwalimu alivua miwani, akaiweka juu ya meza, ingawa humo ndani hakuna aliyemlazimisha kuivaa.

"Kidole gani?"

"Cha mwisho, Mwalimu. Kushoto."

"Uligusa?"

Mama Zamda alikuwa kwenye mlango wa jikoni na bakuli. Makoti alimtazama. Kisha akatazama sakafu.

"Niligusa."

"Mkono wangu ulikuwa wapi?"

"Juu, Mwalimu."

"Basi nilikufundisha vibaya," Mwalimu alisema. "Marahaba. Nenda salama."

*

Aliishi wiki saba. Wizara ilitumia wiki hizo kurekebisha kitabu: kuanzia sasa, kilisema, mipira ya adhabu ni ya aina moja, nayo ni ya moja kwa moja. Watoto wa shule ya nyuma ya soko waliambiwa wafute. Wakafuta. Chaki hufutika kwa urahisi.

Mwalimu hakutoka tena nje, ila mara moja, kwenda ua wa nyuma. Siku ya mwisho, mchana, Mama Zamda alimwambia, "Baba Zamda, ni mimi niliyemtuma yule."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile. Makoti hajui kudanganya mpaka atumwe." Alipumzika kidogo, maana kila neno lilikuwa mlima. "Nilitamani tu ipigwe. Ile goli kiki. Mtu anaacha mechi katikati namna hii."

Bakuli lake la uji lilikuwa karibu. Alibakiza kijiko kimoja.

Serikali ilihudhuria mazishi kwa heshima zote. Mheshimiwa Kilimba alisoma hotuba ya kurasa kumi na nane kuhusu marehemu, refa aliyekubali bao zuri kuliko yote katika historia ya taifa. Kidole kilikuwa na kiti mstari wa mbele; Makoti alisimama nyuma yake. Waziri alipofika kwenye neno "alikubali", wanafunzi wa Mwalimu, waliosimama ng'ambo ya kaburi na sare zao, walikohoa. Kwanza mmoja. Kisha darasa zima. Walikohoa kwa muda mrefu, na hakuna aliyewajibu.

*

Siku ya Taifa iliyofuata ilikuja na jua kali. Ratiba ilisema hivi: kabla ya mechi mpya, Kidole cha Taifa kitaingia uwanjani na kuonyesha umma jinsi kilivyougusa mpira. Mpira ulikuwa bado wavuni, umepauka upande mmoja. Mama Zamda aliketishwa jukwaa la wageni, kwa heshima ya marehemu, mistari miwili nyuma ya Mkuu wa Nchi.

Makoti aliingia peke yake. Kamba ya dhahabu ilifunguliwa. Alitakiwa apige goti, anyooshe kidole, aguse, asimame, apigiwe makofi.

Alipiga goti. Akavua kile kifuko cha mahameli, akakiweka juu ya nyasi vizuri, kama mtu anayevua kofia msibani. Akauchukua mpira kwa mikono yote miwili, akautoa wavuni, akatembea nao hadi kwenye boksi dogo. Akautua. Akausogeza kidogo kwa vidole mpaka ukatulia. Akarudi nyuma hatua nne.

Uwanja ulinyamaza hata bendera zikasikika.

"Anafanya nini?" aliuliza Mkuu wa Nchi.

Mheshimiwa Kilimba alikuwa amesimama, akifunua kurasa.

Filimbi ikalia, fupi, ya zamani, yenye kokwa ndani. Hadi leo Wizara haijajua nani aliipuliza. Wapelelezi walipogeuka kutazama jukwaa la wageni, waliona mawaziri, mabalozi, na mjane mmoja aliyekuwa akifunga fundo la khanga yake.

Makoti akaupiga. Aliupiga kwa mguu wote, na ule mpira uliolala mwaka mzima uliinuka, ukapita juu ya nusu ya uwanja, ukiwa na vumbi lake lote. Askari walitazama juu. Waziri alifunua ukurasa wa mia tatu na tisini na nane, wa tisini na tisa, wa mia nne. Hakukuwa na kifungu. Mpira ulikuwa unatembea, na mpira unaotembea hauna wizara.

"Kwa hiyo halikuwa goli," Mkuu wa Nchi alisema.

"Lilikuwa goli, Mzee," alisema Kilimba.

 Mkuu wa Nchi aliufuata ule mpira kwa macho mpaka ukadunda katikati, mara mbili, mara tatu, ukaanza kupunguza mwendo. Kombaini ya Wananchi walikuwa wamejipanga pembeni tayari kwa mechi mpya. Hakuna aliyethubutu kuukimbilia. Bwana Ngwali alipiga hatua moja mbele, akasita, akairudisha.

Mpira ukasimama. Hapo ndipo Wizara ilipopata tena nguvu zake, na Makoti akachukuliwa.

*

Amepumzishwa. Tunaambiwa anaendelea vizuri. Kidole kimevuliwa hadhi, na waraka unasema kilikuwa kikitumiwa na watu wa nje.

Kila Ijumaa Mama Zamda hupika ugali na dagaa wa nazi, hufunga hotpoti kwa khanga, hupanda kilima hadi kwenye Nyumba ya Mapumziko. Sisi majirani humsubiri barazani jioni arudi. Hatuulizi kitu. Yeye hukaa, hufungua kifuniko, hutuinamishia tuone.

Hadi wiki iliyopita tonge lilikuwepo, pembeni kabisa, limefinyangwa vizuri. Mama Zamda anasema hilo si la kipa tena. Ni la refa.

Leo ni Alhamisi.